Toleo la Saba

Limeingia Jumanne, stima ikipotea na kurudi,
kidogo kidogo, kama maji ya mfereji wetu Ngara:
toleo la saba la ile chesi ya kompyuta.
Mwenye duka la vipuri, Barabara ya Kirinyaga, hajui kama limo.
Yeye anajua ankara, bei ya beringi na klachi,
na kwamba mashine isizimwe usiku.

Orodha ya maboresho nimeisoma nikila andazi.
Linawaza haraka mara tatu.
Ubao umepewa rangi ya mvule.
Saa yaweza kusimamishwa ukiitwa mlangoni,
na mishale ya kijani hukuonyesha ulipopaswa kupita,
kama shemeji zangu, mambo yakishaharibika.
Chini kabisa, herufi ndogo, kipengele cha kumi na tisa:
Askofu hatanaswa tena pembeni.

Andazi likanikwama.
Mimi ndimi niliyewaandikia.

Ekidor analinda geti letu tangu mwaka wa mafuriko.
Saa nne usiku, akishafunga kufuli na kulivuta mara mbili,
huketi kwenye kiti changu, kofia magotini,
rungu limeegemea kabati la mafaili.
Alijifunzia Lodwar, shuleni, kwa vifuniko vya soda;
malkia alikuwa kifuniko kilichopindwa.

Mtego wake ulikuwa mmoja.
Farasi atoke, aringe kidogo,
arudi zizini kama aliyesahau kitu.
Toleo la sita, kila usiku, lilimwona mshamba,
likamtuma askofu wake mbio hadi ukingoni
amle askari aliyeachwa peke yake, bila koti wala tochi.
Akamla.
Ndipo askari wa pili aliposogea hatua moja.
Moja tu.
"Geti limefungwa, baba askofu," Ekidor husema.
"Andika jina kitabuni. Na namba ya kitambulisho."

Miaka mitatu. Asubuhi nilikuta hesabu
nyuma ya risiti: vijiti vinne na mkato, vinne na mkato.
Nami kwa kujivuna, rafiki yangu anaichapa mashine,
nikakusanya michezo arobaini
nikawatumia walioitengeneza, sijui wanakaa nchi gani.
Wakajibu mstari mmoja: Asante, tumeona.

Tumeona.

Usiku wa kwanza farasi alitoka, akaringa, akarudi.
Askofu hakusogea.
Ekidor akamngoja, akamngoja,
akapigwa hatua ya thelathini na moja.
Usiku wa pili, ya ishirini na sita.
Hadi wa tisa, nyuma ya risiti hapakuwa na kijiti.

Nikamwambia yote: barua, ile michezo, kipengele cha kumi na tisa.
Nikatoa flashi droweni.
"La sita limo humu. Nalirudisha sasa hivi."
Akaitazama kama kitambulisho cha mtu
asiyefanana na picha yake.
"Yaani," akasema, "kuna mtu huko
amekesha kwa sababu yangu?"
Flashi akairudisha droweni mwenyewe,
akasukuma drowa kwa goti.

Leo nimechelewa, hesabu za mwisho wa mwezi.
Mbwa wa Grogan wanalibwekea lori lisilowaka.
Ekidor amekunywa strungi hadi kwenye majani.
Hatua ya kumi na mbili: anamsogeza askari wa pembeni,
mapema mno, hata mimi naona,
na mshale wa kijani unaelekeza kwingine kabisa.
Haugusi. Anakunja mikono.

Na toleo la saba, lile la mbio mara tatu,
limenyamaza.
Kijiduara kinazunguka.
Dakika ya kwanza. Ya pili.
Nanyoosha mkono nitikise kipanya, pengine limekwama.

"Usilisumbue," ananiambia.
"Liko zamu."